Hachi inakataa: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Hachi, yaani ruwaza (mpangilio unaojirudia) ya mistari au nukta inayojaza eneo kwenye mchoro wa kompyuta, ndiyo inayomwambia msomaji wa mchoro kwamba hapa ni zege, pale ni udongo, huku ni ukuta wa tofali. Ikikosekana au ikikaa vibaya, fundi anasoma kitu kingine kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu amehangaika nayo mpaka akachoka, akaamua kuivunjavunja kwa amri ya EXPLODE na kuanza kufuta mistari mmojammoja. EXPLODE haiponyi hachi. Inaficha kosa, kisha inamwachia mzigo mtu mwingine atakayeufungua mchoro huo baadaye.

Jambo la kushika ni hili: hachi haichorwi, inakokotolewa. Programu huchukua vitu vinne, yaani mpaka, ruwaza, skeli na nukta ya kuanzia, kisha hupiga hesabu ya mistari yote kutokana na hivyo vinne. Kwa hiyo hachi inapoharibika, mara nyingi yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye kimoja cha vile vinne, na ukikirekebisha, hachi hukaa sawa bila kuigusa.

Amri ninazozitaja ni za AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi kwa kompyuta. Programu nyingine zinazofungua faili zake za michoro, yaani DWG, kama BricsCAD, zina nyingi kati ya amri hizi kwa majina yaleyale.

Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Kisha andika FILLMODE kwenye mstari wa amri uone thamani yake (ikiwa 0, hachi hazionyeshwi), na uandike REGEN ili mchoro uchorwe upya kwenye skrini. Mwisho bonyeza F2 usome ujumbe ambao programu ilikuandikia hachi ilipogoma. Wengi huufunga ujumbe huo bila kuusoma, ilhali mara nyingi ndio unaotaja chanzo chenyewe.

Dalili ya 1: Unabofya ndani ya eneo, programu inasema mpaka haujafungwa

Hili ndilo lalamiko linalorudi kila siku, na vyanzo vyake ni vingi. Nitavipanga kuanzia kinachotokea sana.

*Kuna pengo mahali fulani.* Matoleo ya karibuni huweka maduara mekundu kwenye ncha zilizoachana. Usikimbilie kuandika REGEN, maana itayafuta. Yafuate kwanza, moja baada ya jingine, na usogee karibu kwa kuzungusha gurudumu la kipanya mpaka pengo lionekane. Chukua kona ya chumba: ukutani mistari miwili inaonekana imegusana barabara, lakini ukichagua mmoja na kuandika LIST unakuta mwisho wake ni X = 4499.7, na mwenzake anaanzia X = 4500. Hizo sehemu tatu za kumi za milimita jicho halizioni, ila programu inaziona kama mlango ulio wazi.

Njia safi ya kufunga kona hiyo ni FILLET yenye nusukipenyo 0: chagua mstari wa kwanza, shikilia Shift, chagua wa pili. Kama kona ni nyingi, tumia PEDIT, chagua Multiple, kisha Join, na uipe umbali mdogo wa kuunganishia unaozidi kidogo pengo lenyewe. Utapata polilaini moja iliyofungwa, yaani mistari iliyoungana kuwa kitu kimoja, ambayo hachi inaipenda kuliko vipande kumi vya mistari.

Kuna pia kigezo HPGAPTOL, kinachoiruhusu programu kuruka mapengo yasiyozidi kipimo ulichoweka. Thamani yake ya kawaida ni 0 na inaweza kufika 5000. Kitumie kwa kiasi. Kwenye mchoro wa milimita, thamani ya 1 au 2 inatosha kwa kona zilizokosana kidogo. Ukikiweka 900 ili mambo yaende haraka, nafasi ya mlango nayo itahesabiwa kuwa imefungwa, hachi itaishia pasipo pake na eneo utakalolisoma litakuwa la uongo. Ukimaliza, kirudishe 0.

*Sehemu ya mpaka haionekani.* Programu hutafuta mpaka kwenye vitu vilivyopo ndani ya mwonekano wa sasa. Ukiwa umesogea karibu mno, ukuta wa upande wa pili uko nje ya skrini na haumo kwenye hesabu. Rudi nyuma mpaka umbo lote lionekane, kisha jaribu tena. Hakikisha pia leya (tabaka la mchoro) iliyobeba mstari wa mpaka haijazimwa wala kugandishwa.

*Mistari haiko kwenye usawa mmoja.* Hiki ni chanzo kinachowatesa watu kwa sababu kwa kutazama kutoka juu huwezi kukigundua. Mstari mmoja una Z = 0, mwingine Z = 150, na kutoka juu vinaonekana vimekutana. HPGAPTOL haisaidii hapa hata ukiipandisha namna gani. Chagua mistari yote ya mpaka, fungua kidirisha cha Properties, uangalie Start Z na End Z. Ukiona neno \*VARIES\* badala ya namba, umempata mwizi. Andika 0 kwenye sehemu zote mbili. Kama ni polilaini, kinachobadilishwa ni Elevation.

Ipo pia amri ya FLATTEN, inayolaza kila kitu kwenye usawa wa sifuri kwa mkupuo. Usiitumie kwenye mchoro wa upimaji wa ardhi. Z za mistari ya kontua ni vipimo halisi vya mwinuko. Ukizilaza na kuhifadhi, umeifuta kazi ya siku nyingi ya mpima ardhi. Mchoro wa namna hiyo mrudishie yeye, au chora mpaka mpya juu yake kwenye leya yako.

*Mhimili umezungushwa.* Ikiwa mtu aliweka UCS yake, yaani mfumo wake mwenyewe wa viwianishi, bapa unalochorea halilingani na la mistari. Andika UCS, kisha World, kisha PLAN, halafu jaribu.

*Mistari imerudiana au kukatana vibaya.* Nakala mbili za mstari mmoja zikilaliana zinaweza kuichanganya programu. OVERKILL huondoa zilizorudiana. Ipitie mipangilio yake kabla ya kukubali, hasa kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa, isije ikaunganisha mistari uliyoikusudia iwe miwili.

Yote yakishindikana, gawa eneo: chora mstari wa muda katikati, piga hachi upande mmoja, kisha wa pili. Upande utakaogoma ndio wenye tatizo. Ugawe tena. Mara tatu au nne hivi zinatosha kukufikisha kwenye kona yenyewe.

Dalili ya 2: Hachi imekuwa doa jeusi, au imekubali lakini hakuna kinachoonekana

Hapa mshukiwa wa kwanza ni skeli, na inafaa kuelewa hesabu yake badala ya kubahatisha namba.

Programu ina faili mbili za ruwaza: acad.pat ya inchi na acadiso.pat ya milimita. Ruwaza maarufu ya ANSI31, ile ya mistari ya digrii 45, katika acad.pat ina nafasi ya 0.125 kati ya mstari na mstari. Katika acadiso.pat nafasi hiyo ni 3.175. Ni umbali uleule, ila mmoja umeandikwa kwa inchi na mwingine kwa milimita, na tofauti kati ya namba hizo ni mara 25.4.

Sasa tuseme mchoro wako ni wa milimita na utachapwa kwa 1:50. Ukiiacha skeli ya hachi kuwa 1, mistari iliyoachana 3.175 kwenye mchoro itaachana 0.0635 tu kwenye karatasi. Hilo ni doa jeusi. Ukiweka skeli 50, kwenye karatasi unapata 3.175, mistari inasomeka vizuri. Kwa mchoro wa mita unaochapwa kwa 1:50, skeli inayolingana ni 0.05. Ukikosea ukaweka 50 kwenye mchoro wa mita, nafasi kati ya mistari itazidi mita 150, kwa hiyo chumba chako kizima kinaweza kukaa katikati ya mistari miwili na kisipate hata mmoja. Hachi ipo, ila haina mstari wa kuonyesha.

Kama umeweka 50 na bado ni jeusi, kagua MEASUREMENT. Ikiwa 0, programu inasoma faili ya inchi, na mistari imesongamana mara 25.4 kuliko ulivyotegemea. Iweke 1. Kubadilisha kigezo hicho peke yake hakuzigusi hachi zilizokwisha kupigwa. Hizo utazifungua kwenye HATCHEDIT na kuchagua ruwaza upya.

Ruwaza zinazoanza na AR- zina tabia yake. Zimeundwa kwa vipimo halisi vya ujenzi: AR-B816 ni tofali la inchi 8 kwa 16, na katika acadiso.pat kozi zake zimepishana milimita 203.2. Hizo huanza na skeli 1 kwenye mchoro wa milimita. Ukizipa 50 kama ulivyozoea kwa ANSI31, tofali moja litakuwa na urefu wa mita 20 na zaidi, na ukuta utabaki mtupu.

Ukiona ujumbe kwamba mistari imesongamana mno, programu imekataa kuchora kwa sababu idadi ya mistari imezidi kikomo. Kikomo hicho ni HPMAXLINES, kwa kawaida 1,000,000, na kinaweza kupandishwa hadi 10,000,000. Naomba usianzie hapo. Hachi inayohitaji mistari zaidi ya milioni moja karibu siku zote ina skeli mbaya, na ukiilazimisha ikubali utakuwa na faili inayofunguka kwa kusuasua kwenye kila kompyuta itakayopitia.

Dalili ya 3: Ilikuwepo, imetoweka

Hachi zote zimepotea kwa pamoja, na polilaini nene zimebaki mifupa? FILLMODE ni 0. Iweke 1, andika REGEN, basi.

Imepotea moja au chache tu? Angalia leya yake. Kwenye ukurasa wa kuchapia, angalia pia kama leya hiyo imegandishwa ndani ya dirisha hilo moja la mwonekano, maana inaweza kuonekana kwenye uwanja wa kuchorea na isionekane pale.

Ikiwa inaonekana kwa skeli moja ya maandishi na kutoweka kwa nyingine, hachi hiyo imewekwa iwe Annotative, yaani ifuate skeli ya maandishi. Andika ANNOALLVISIBLE, thamani 1. Ikijitokeza, ichague na uiongezee skeli inayokosekana kwa OBJECTSCALE.

Inaonekana kwenye skrini, haitoki kwenye karatasi: chunguza kama iko kwenye leya ya Defpoints, ambayo haichapwi kamwe, au kwenye leya yenye alama ya printa iliyokatwa. Hachi yenye uangavu inayochapwa nzito kama ukuta inataka uweke tiki kwenye Plot transparency wakati wa kuchapa. Uamuzi huo hufanyika kwenye kidirisha cha kuchapia, kwa hiyo kuuhariri uangavu wa hachi yenyewe hakutakusaidia.

Dalili ya 4: Nimesogeza ukuta, hachi imebaki ilipokuwa

Hachi iliyofungamana na mpaka wake huufuata popote. Ufungamano huo huitwa Associative, na ukivunjika hachi inabaki yatima.

Hupotea kwa njia nyingi. Huenda HPASSOC ilikuwa 0 hachi ilipopigwa. Huenda mtu alikata sehemu ya mpaka kwa TRIM, au alifuta mstari mmoja na kuuchora upya: kwa macho yake ni mstari uleule, kwa programu ni kitu kigeni. Au aliisogeza hachi peke yake bila mpaka. Katika hali hizi mstari wa amri huandika kwamba ufungamano umeondolewa, lakini ujumbe unapita kimyakimya na mtu anaendelea na kazi.

Kurudisha si kazi ngumu. Kama mpaka bado upo na umefungwa, fungua hachi kwa HATCHEDIT, ondoa mpaka wa zamani na uongeze mpya kwa kuuchagua kama kitu kizima. Kama mpaka ulishafutwa, tumia kitufe cha Recreate ndani ya kihariri. Programu itachora polilaini mpya kufuata ukingo wa hachi, kisha itauliza kama uifungamanishe nayo. Jibu ndiyo. Ipo pia amri inayojitegemea, HATCHGENERATEBOUNDARY, inayokupa polilaini hiyo moja kwa moja.

Kinyume chake nacho huripotiwa: unafuta hachi, na ukuta unaondoka nayo. Angalia PICKSTYLE. Thamani 2 au 3 humaanisha kuchagua hachi ni kuchagua na mpaka wake. Irudishe 1.

Dalili ya 5: Haiwezi kuhaririwa

Unabofya mara mbili, kihariri hakifunguki. Kagua kwanza DBLCLKEDIT na PICKFIRST, zote ziwe zimewashwa. Kama ziko sawa, chagua hachi na usome kidirisha cha Properties kimeiita nini.

Kikiandika Hatch, pengine leya imefungwa kwa kufuli. Kikiandika Block Reference, hachi iko ndani ya bloku (kundi la vitu lililohifadhiwa kama kitu kimoja), na utaihariri kwa BEDIT. Kumbuka kwamba kila nakala ya bloku hiyo kwenye mchoro itabadilika pamoja nayo. Kikionyesha kwamba ni sehemu ya faili ya nje iliyoambatishwa kwa XREF, acha mkono wako hapo. Faili hiyo ina mwenyewe. REFEDIT inaweza kukuruhusu kuibadilisha kutoka ulipo, lakini mabadiliko yako yataingia kwenye faili ya mhandisi wa miundo au msanifu aliyeitoa, na michoro ya watu wengine wanaoitegemea itabadilika bila wao kujua. Mwandikie mwenye faili, mweleze unachokiona.

Na kikiandika Line, kwa mamia, basi kuna mtu alishaivunja. Hakuna amri ya kuirudisha mistari hiyo iwe hachi. Kama imevunjwa dakika hii, UNDO inatosha. Kama ni ya zamani, chagua mstari mmoja wa hachi, tumia SELECTSIMILAR, lakini tazama vizuri kilichochaguliwa kabla ya kufuta, kwa sababu kuta zilizo kwenye leya ileile zinaweza kuwa zimechukuliwa pia. Ziondoe kwenye uteuzi, futa iliyobaki, piga hachi upya.

Dalili ya 6: Imeziba maandishi, au imejaa pasipotakiwa

Kuziba maandishi ni suala la nani yuko juu ya nani. HATCHTOBACK hupeleka hachi zote za mchoro nyuma kwa amri moja. TEXTTOFRONT huleta maandishi na vipimo mbele. Ukitaka hachi mpya zijipange nyuma zenyewe, weka HPDRAWORDER mapema.

Kujaa pasipotakiwa kunahusu visiwa, yaani maumbo yaliyo ndani ya mpaka. Kuna namna tatu za kuvishughulikia: Normal hujaza na kuacha kwa kupokezana kadiri unavyoingia ndani, Outer hujaza safu ya nje tu, na Ignore hujaza kila kitu kana kwamba ndani hakuna umbo. Nguzo katikati ya sakafu ikifunikwa na vigae, tatizo huwa Ignore. Kwa michoro ya kawaida ya majengo napendelea Outer, kwa sababu matokeo yake ni rahisi kuyatabiri.

Dalili ya 7: Vigae vimekatika vibaya, au mistari inayumba na kuchakaa

Hachi huanza kuhesabu kutoka kwenye nukta moja. Kwa kawaida ni sifuri ya mchoro, ambayo haina uhusiano wowote na kona ya chumba chako. Ndiyo maana kigae cha kwanza kinaonekana kimekatwa kipande. Fungua kihariri, bonyeza Set Origin, bofya kona unayotaka kigae kizima kianzie. Ikiwa vyumba viwili vinapakana na unataka viungio vikutane mlangoni, vipe nukta moja.

Mistari inayoonekana kama meno ya msumeno, au inayorukaruka unapoivuta picha, ina chanzo hichohicho kwa umbo baya zaidi. Michoro iliyojengwa juu ya viwianishi vya ramani ina namba za mamilioni, na ruwaza inayohesabiwa kutoka sifuri iliyo mbali namna hiyo inapoteza usahihi wa tarakimu. Tiba ni ileile ya Set Origin, ukichagua nukta iliyo ndani ya eneo lenyewe.

Utashauriwa na wengi usogeze mchoro wote mpaka sifuri. Usifanye hivyo kwenye mchoro wenye viwianishi vya mpima ardhi. Mahali ulipo mchoro huo ni taarifa ya kazi. Barabara, mabomba na mipaka ya viwanja ya watu wengine vinategemea namba hizo. Kama kusogeza hakuepukiki, ni mpima mwenyewe au msimamizi wa michoro wa mradi anayepaswa kuamua na kuwaarifu wote.

Ukipindua mchoro kwa MIRROR, mistari ya hachi inaweza kubaki na mwelekeo wa awali au kupinduka nayo. Anayeamua ni MIRRHATCH: 0 huacha mwelekeo, 1 huupindua.

Dalili ya 8: Properties haionyeshi eneo, au eneo si sahihi

Hii naipa uzito kuliko nyingine zote, maana namba hii huenda kwenye hesabu za vifaa.

Sehemu ya Area ikiwa tupu, mara nyingi mpaka unajikata wenyewe: mahali fulani polilaini imerudi nyuma na kupita juu ya mstari wake, pengine kwa kipande kidogo sana cha kona. Tengeneza mpaka mpya kwa HATCHGENERATEBOUNDARY, utembee nao kona kwa kona, ondoa kipeo kilichorudi nyuma, halafu upige hachi upya juu yake.

Namba ikiwepo lakini ikakushangaza, jiulize maswali haya. Je, hachi hii ni eneo moja, au ulibofya vyumba vitano kwa amri moja vikawa kitu kimoja? Kitufe cha Separate Hatches huvitenganisha, na HPSEPARATE ikiwa 1 vitatengana vyenyewe siku nyingine. Je, visiwa vimetolewa kwenye hesabu? Je, unasoma milimita za mraba ukidhani ni mita? Kwenye mchoro wa milimita gawanya kwa 1,000,000: sakafu ya 12,600,000 ni mita za mraba 12.6. Thibitisha kwa MEASUREGEOM kwenye mpaka, au kwa kuzidisha urefu na upana wa chumba kimoja cha mstatili unachokijua.

Namba mbili zikikataa kukubaliana, usiitume yoyote. Mpe mkadiriaji majenzi mchoro na mipaka ilivyo, apime mwenyewe. Ni afadhali jibu lichelewe kuliko vigae au zege kuagizwa kwa eneo lisilokuwepo.

Dalili ya 9: Ruwaza yangu mwenyewe haitokei kwenye orodha

Faili ya ruwaza ni maandishi matupu. Hii hapa ni ya vigae vya 300 kwa 300:

\*VIGAE, Vigae vya sakafu
0, 0,0, 0,300
90, 0,0, 0,300

Mstari wa kwanza una nyota, jina na maelezo. Inayofuata kila mmoja ni familia ya mistari: kwanza pembe, kisha X na Y ya kuanzia, kisha msogeo wa kufuata mstari, na mwisho nafasi hadi mstari unaofuata. Ukitaka mstari wa vipandevipande unaongeza urefu mwishoni: namba chanya ni kalamu chini, namba hasi ni kalamu juu, 0 ni nukta.

Isipotokea, jina la faili huenda halifanani na jina lililo ndani. Hii lazima iitwe VIGAE.pat, na ibebe ruwaza moja tu. Chunguza kama kompyuta imeificha tamati (herufi za mwisho wa jina la faili, baada ya nukta) na faili yako kwa kweli ni VIGAE.pat.txt. Hakikisha folda yake imo kwenye orodha ya njia za Support katika OPTIONS. Ikitokea lakini ikakataliwa, fungua faili ubonyeze Enter mara moja baada ya mstari wa mwisho, kwani bila mstari mtupu hapo chini programu inaweza kuukosa ule wa mwisho. Angalia pia kwamba desimali zimeandikwa kwa nukta. Mkato hutenganisha namba, na 12,5 itasomwa kama namba mbili.

Ukiugawa mchoro huo, hachi zilizopo zitaonekana kwa mwenzako, kwa sababu maelezo ya ruwaza husafiri ndani ya DWG. Akitaka kupiga mpya atahitaji faili ya PAT, basi mpe zote mbili.

Dalili ya 10: Kompyuta inaganda kila ukipiga hachi

Programu inapotafuta mpaka kwa kubofya ndani hukagua vitu vingi kuliko unavyohitaji. Chagua mpaka kama kitu badala ya kubofya ndani, au tengeneza seti mpya ya mpaka yenye mistari michache unayoihusisha. Ruwaza za nukta kama AR-SAND na AR-CONC ni nzito kwenye eneo kubwa. Ongeza skeli, au piga hachi ukanda tu kando ya mpaka.

Ikiwa ni mchoro mmoja tu unaoganda, andika AUDIT na ukubali kurekebisha makosa, kisha PURGE. Usipofunguka kabisa, tumia RECOVER ukiwa kwenye faili mpya tupu.

Simama hapa. AUDIT ikiendelea kuripoti makosa kila unapoirudia, au RECOVER ikirudisha mchoro uliokosa vitu, usiendelee kuhifadhi juu ya faili hiyo. Itenge ilivyo na umpelekee msimamizi wa mifumo au wa michoro, ukimweleza ilifunguka vizuri mara ya mwisho lini. Nakala ya akiba yenye tamati ya .bak, iliyo kwenye folda ileile, ina hali ya faili kabla ya uhifadhi wa mwisho: inakili kwanza mahali pengine, ndipo uibadilishe tamati iwe .dwg. Na mchoro uliokwisha kutiwa sahihi na mhandisi au msanifu usiuguse hata kwa hachi moja. Kubadilisha alama ya zege kuwa ya udongo ni kubadilisha maagizo ya ujenzi, na hilo lina mwenye mamlaka nalo.